Waacheni vijana wa Khwisero wawashe mshumaa wao

Pana jambo ambalo limezua ubishi wa kiasi hapa Khwisero, na ingawa machoni pa wengi ni dogo, naona linastahili nafasi katika safu hii. Kikundi kimoja cha vijana, ambacho nimekuwa nikikisaidia kwa mashauri na kwa kazi ya tafsiri, kimeamua kuigiza tamthilia ya Mrusi Leonid Andreyev, Maisha ya Mtu. Vijana hao hawakuomba fedha za yeyote. Walichoomba ni ukumbi kwa jioni mbili tu. Hadi ninapoandika makala haya hawajajibiwa, wala kwa ndiyo wala kwa la. Badala ya jibu wamepewa maswali.

Maswali yenyewe ni matatu. Kwanza, Mrusi ana lipi la kumweleza Mkisa? Pili, mchezo huu una funzo gani? Tatu, je, si mchezo wa kumkufuru Mungu? Lipo na la nne ambalo halijatamkwa na mtu yeyote, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Nakusudia kuyajibu kwa zamu, bila kumvunjia heshima aliyeyauliza, kwa kuwa waliouliza ni wazee wetu na maswali yao si ya kipuuzi.

Kabla sijajibu, ni haki msomaji ajue ni kitu gani kinachobishaniwa. Andreyev alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Oryol, akasomea sheria, akaandikia magazeti kabla ya kupata umaarufu wa utunzi, na akafariki nchini Finland mwaka 1919. Maisha ya Mtu aliiandika mwaka 1906, wakati Urusi ikiuguza majeraha ya mapinduzi ya 1905. Mwaka huo huo alifiwa na mkewe. Siku hizo palikuwa na watunzi wa Kirusi waliokwisha kuchoshwa na tamthilia zinazonakili maisha kama yalivyo, pamoja na birika la chai mezani na saa ukutani. Walitaka jukwaa liseme kwa ishara, yale yasiyoonekana yapate umbo. Alexander Blok alikuwa mmoja wao, na Fyodor Sologub vilevile. Andreyev alikuwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje ya kundi hilo, kwa maana urafiki wake na Maxim Gorky ulimvuta upande wa uhalisia. Lakini Maisha ya Mtu ni mchezo wa ishara, na Blok mwenyewe aliusifu.

Katika mchezo huu hakuna mwenye jina. Yuko Mtu, yuko Mke wa Mtu, wako majirani, jamaa, wageni, marafiki na maadui. Na katika pembe ya jukwaa, tangu mwanzo hadi mwisho, amesimama mmoja aliyevaa kijivu, ameshika mshumaa unaowaka. Mtu anazaliwa huku vikongwe wakinong'onezana gizani. Anakua, anaoa, anakuwa msanifu wa majengo asiye na kazi wala chakula, lakini yeye na mkewe wanacheka na kuota ndoto. Anapata mali, na katika onyesho la tatu wageni wanajaa nyumbani mwake wakiimba wimbo mmoja tu, jinsi nyumba ilivyo nzuri na jinsi mwenyewe alivyo tajiri. Kisha utajiri unayeyuka. Mwanawe wa pekee anapigwa jiwe la kichwa na mkono usiojulikana, jiwe lililotoka pembeni mwa njia. Baba na mama wanapiga magoti kuomba, na mtoto anakufa. Hapo Mtu anamgeukia yule wa kijivu na kumlaani. Mwisho anakufa mkiwa kilabuni, katikati ya walevi, vikongwe wale wale wamerudi, na mshumaa unazimika.

Huo ndio mchezo. Sasa nigeukie swali la kwanza.

Wanaouliza Mrusi ana lipi la kutuambia wamesahau kwamba Mrusi si mgeni barazani petu. Christon Mwakasaka aliitafsiri tamthilia ya Nikolai Gogol, nayo tukaijua kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na aliyeisoma hakuhitaji kuelezwa hongo ni nini wala mkubwa anayeogopa mkubwa mwenziwe anafananaje. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na nchi changa ya kuendesha, alipata wasaa wa kuwatafsiria Waswahili William Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Wanafunzi wetu wa shule za upili wamewahi kutahiniwa juu ya Bertolt Brecht wa Ujerumani na Henrik Ibsen wa Norway, na sikusikia mzazi wa Khwisero akilalamika kwamba mwanawe amefundishwa mambo ya Norway. Iweje basi ugeni uwe kosa pale tu vijana wanapochagua wenyewe?

Tena huo utunzi wa ishara haukubaki Urusi. Ebrahim Hussein, bingwa wa tamthilia ya Kiswahili, alitutungia Mashetani mwaka 1971, na ndani yake yumo Shetani na yumo Binadamu, wakipambana chini ya mbuyu. Hakuna aliyemwambia Hussein kwamba Binadamu hana jina wala kabila. Katika miaka ya karibuni tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, imesomwa kote nchini, na jina lake tu linatosha kuonyesha kwamba kuyatazama maisha kama kitu kinachopanda na kushuka si fikra ya kuazimwa Moscow.

Nitasema na jambo jingine ambalo nilijifunza katika kazi ya kutafsiri. Kirusi kinamwita yule wa pembeni kwa maneno yanayomaanisha mtu fulani aliyevaa kijivu. Tulipojaribu kumwita Mtu wa Kijivu, alichanganyika na Mtu mwenyewe, shujaa wa mchezo. Vijana wakashauriana, wakamwita Fulani wa Kijivu. Halafu msichana mmoja akatukumbusha kwamba kijivu ni rangi ya jivu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena yule ni nani. Kila aliyekulia katika nyumba yenye mafiga anajua jivu ni kitu gani. Ni kilichobaki baada ya moto kufanya kazi yake, na pia ndicho kinachofunika kaa la moto usiku ili lisizimike. Lugha yetu ilikuwa na fumbo hilo tayari. Andreyev hakulijua. Huo ndio ufaidi wa kutafsiri, kwamba kazi ya mgeni ikiingia katika lugha yako huenda ikapata maana ambayo kwao haikuwa nayo.

Swali la pili linahusu funzo, na hapa ndipo ninapotofautiana sana na baadhi ya wenzangu wanaopenda vijana kwa dhati.

Kwa miaka mingi tumewazoeza vijana wetu kwamba mchezo wa kuigiza ni kipaza sauti. Shirika likija na ujumbe kuhusu Ukimwi, vijana huigiza Ukimwi. Likija jingine na malaria, huigiza malaria. Uchaguzi ukikaribia, huigiza amani. Nimetazama michezo ya namna hiyo katika mabaraza ya machifu na katika viwanja vya soko, na sitaidharau hata kidogo. Imeokoa maisha, na imewapa vijana nauli na chakula cha mchana. Lakini ukitazama kumi, umetazama mia. Mlevi atayumbayumba, watu watacheka, binti ataacha shule, mama atalia, kisha daktari au mwalimu atasimama mbele na kutuambia tulichopaswa kuelewa. Mwigizaji hakuulizwa yeye mwenyewe anaogopa nini. Mradi ukimalizika, mchezo nao unakufa, na kikundi kinangoja ujumbe mwingine.

Shuleni nako tumewazoeza jambo jingine. Tamasha letu la kitaifa la drama ni hazina, na kwa zaidi ya nusu karne limeibua watunzi na waigizaji ambao nchi inajivunia. Hata hivyo, shule nyingi siku hizi huenda huko kutafuta kombe, na kombe lina tabia zake. Mandhari huwa ya gharama, maleba huwa mapya, kila mstari hupigiwa mahesabu ya alama. Darasani ni hivyo hivyo. Mwanafunzi huisoma tamthilia akiwa ameshika kalamu, akitafuta maudhui matano na mbinu sita za kuandika katika mtihani. Akimaliza mtihani, kitabu humpa mdogo wake.

Sasa wamekuja vijana waliokwisha kumaliza shule, wengi wao hawana ajira, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanasaidia mashambani, nao wamechagua mchezo usiowaambia waseme nini. Tulipoanza mazoezi waliniuliza, kama walivyozoea, ujumbe wa mchezo huu ni upi. Niliwajibu kwamba sitawaambia, na kwamba wakishauigiza watakuja kuniambia mimi. Majuma mawili ya kwanza walihangaika. Aliyecheza Mtu alitaka kujua ahuzunike wapi na hadhira icheke wapi. Polepole wakaacha kuuliza hayo, wakaanza kuulizana wao kwa wao. Je, Mtu alikosea wapi? Je, alikosea kweli? Mbona mshumaa ni ule ule, awe maskini au tajiri? Kama Fulani anajua mwisho tangu mwanzo, mbona hasemi? Hayo ni maswali ambayo hakuna shirika litakaloyafadhili, wala hayana jibu la alama mbili. Lakini kijana wa miaka ishirini asiye na kazi huyauliza kila usiku akiwa peke yake. Mimi naona ni heri ayaulize jukwaani, pamoja na wenzake, wazee wakisikiliza.

Basi funzo lipo, ila si la kubandikwa ukutani. Lile onyesho la karamu liliwafanya vijana wakumbuke mambo ya karibu sana. Mumias, jirani yetu, palikuwa na kampuni ya sukari iliyolisha eneo zima, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu wa kusimamia madeni. Hapa hakuna nyumba isiyo na jamaa aliyewahi kungoja malipo ya miwa. Wale wageni wanaosifu nyumba kwa maneno yale yale, wakiondoka ndipo ukumbi unaonekana ulivyo mkubwa na baridi, vijana hawakuhitaji kuelezwa ni akina nani. Hakuna aliyetaja sukari katika mchezo, wala haitatajwa. Atakayeikumbuka ataikumbuka mwenyewe, na asiyeikumbuka atakumbuka karamu yake nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya ishara. Mchezo wa ujumbe humpa kila mtazamaji jambo lile lile, na mchezo wa ishara humwachia kila mmoja nafasi ya kuleta lake.

Swali la tatu ni la imani, na silichukulii kwa wepesi. Khwisero ni mahali pa makanisa. Wengi wa waigizaji hao ni wanakwaya, na mmoja wao ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Ni kweli kwamba katika mchezo huu Mtu anamlaani Fulani wa Kijivu. Ni kweli pia kwamba Andreyev alipata shida na wakuu wa dini kwao, na tamthilia yake nyingine, Anathema, iliondolewa majukwaani mwaka 1910 kwa shinikizo la kanisa. Lakini nawaomba wazee wangu wazingatie mambo mawili.

La kwanza ni kwamba Fulani hakuitwa Mungu mahali popote katika mchezo. Hapendi, hachukii, hahurumii. Anasimama tu na kushika mshumaa. Mkristo yeyote anayemwamini Mungu mwenye huruma ataona mara moja kwamba huyu siye. Anaweza kuwa wakati, anaweza kuwa mauti, anaweza kuwa ile ajali ambayo hakuna anayejua inapotoka. La pili ni kwamba kilio cha mzazi aliyefiwa hakikuanzia Urusi. Kitabu cha Ayubu kimo katika Biblia ya kila nyumba hapa, na katika sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Waliokusanya vitabu vya Maandiko hawakukitupa Kitabu cha Ayubu kwa kuogopa kwamba waumini wataharibika. Walijua kwamba mtu aliyeumizwa akikatazwa kulia hadharani hatakuwa mcha Mungu zaidi, bali atalia mafichoni.

Tena sisi tunaotoka sehemu hii ya Magharibi tunajua msiba. Matanga yetu hayana haya. Watu huja kutoka mbali, huimba, hulia kwa sauti, humsimulia marehemu na maisha yake yote mbele za watu, mema na yaliyokuwa machungu. Ni nani basi atakayesema kwamba kulisimulia jambo la kuzaliwa, kuoa, kupata, kukosa na kufa mbele ya hadhara ni desturi ngeni kwetu?

Sasa nifike katika swali la nne, lile lisilotamkwa. Nadhani baadhi ya wanaosita kutoa ukumbi hawaogopi Urusi wala kufuru. Wanaogopa matatizo. Wanawaza, je, mkubwa fulani akisikia? Je, tukiulizwa ni nani aliyewaruhusu?

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Butere, jirani yetu, pana shule ya wasichana ambayo mara mbili imeonja jambo hili. Mwaka 2013 mchezo wao ulioitwa Shackles of Doom ulizuiwa kuingia katika tamasha la kitaifa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru uigizwe. Mwaka 2025 mchezo mwingine wa mtunzi huyo huyo, Cleophas Malala, ulioitwa Echoes of War, uliondolewa katika mashindano, mahakama ikaamuru tena urejeshwe, na mwezi wa Aprili wasichana wakafika Nakuru. Polisi walitumia vitoa machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Nchi nzima iliwaona. Hapo nyuma, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kibali kikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Urusi nako hawakusalimika. Mtu wa kwanza kuongoza Maisha ya Mtu jukwaani, mwezi wa Februari mwaka 1907 huko St. Petersburg, alikuwa Vsevolod Meyerhold. Mapinduzi yalipokuja aliyapokea kwa mikono miwili na kuyatumikia kwa sanaa yake. Mwaka 1939 alikamatwa na watu wa Stalin, na mwezi wa Februari 1940 akauawa kwa kupigwa risasi. Ilimlazimu angoje mpaka mwaka 1955, miaka kumi na mitano baada ya kufa, ndipo serikali ikiri kwamba hakuwa na hatia. Hivyo ndivyo hofu ya jukwaa inavyokua ikilelewa. Huanza kwa ukumbi ulionyimwa funguo.

Najua pia ni onyesho lipi linalowatia watu wasiwasi. Ni lile la mwana aliyepigwa jiwe na mkono usiojulikana, na wazazi wake waliopiga magoti. Mwezi wa Juni mwaka 2024 vijana wa nchi hii waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na wako waliopigwa risasi wakafa. Hakuna atakayeketi mbele ya onyesho hilo asiwakumbuke. Andreyev hakuwajua. Aliandika miaka mia moja na zaidi kabla ya maandamano hayo. Je, tutamlaumu kwa kuwa mzazi wa Kirusi na mzazi wa Kenya wanalia kwa namna moja? Na je, tukilifuta onyesho hilo, wazazi wataacha kukumbuka?

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Haukuandikwa kwa ajili ya Nairobi pekee. Kifungu hicho kimeweka pia mipaka, kikikataza uchochezi wa vita na matamshi ya chuki, na katika Maisha ya Mtu hakuna hata neno moja linaloikaribia mipaka hiyo. Anayeshika funguo za ukumbi wa umma amewekewa amana tu. Ukumbi si mali yake.

Wako watakaosema, haya yote sawa, lakini kikundi cha kijijini kitawezaje mchezo mzito namna hiyo? Jibu langu ni kwamba mchezo huu ni kana kwamba ulitungwa kwa ajili ya wasio na kitu. Konstantin Stanislavsky alipouigiza Moscow mwezi wa Desemba mwaka 1907, alitandaza mahameli meusi jukwaa zima, na badala ya kujenga nyumba akatumia kamba kuchora milango na madirisha juu ya weusi huo. Theatre yake haikukosa fedha. Aliona tu kwamba giza na mstari mmoja wa kamba husema zaidi ya kuta za mbao. Vijana wetu hawana mahameli, wana shuka zilizotiwa rangi nyeusi na kamba za kufungia ng'ombe. Kuhusu mwanga, mmoja alishauri tutumie koroboi badala ya mshumaa, kwa kuwa koroboi ndiyo yetu. Tulijaribu, tukaona haifai. Koroboi huwaka kwa kimo kile kile mpaka mafuta yaishe ghafla. Mshumaa hupungua mbele ya macho ya watu, na kupungua huko ndiko mchezo wenyewe. Gharama nzima, basi, ni mishumaa michache.

Kilicho kigumu ni nidhamu. Kijana aliyezoea kuchekesha umati wa sokoni amejifunza kusimama kimya kwa muda mrefu akishika mshumaa bila kutikisika. Wasichana wanaocheza vikongwe walikataa kuwafanya wachawi wa kuchekesha, wakisema kwamba katika nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, nao hawatalisha fikra hiyo. Wakaamua vikongwe wawe kama mabibi wanaokesha penye uzazi na penye msiba, wanaojua yote na hawashangazwi na lolote. Hayo hawakufundishwa na mtu. Yalitoka katika kuufikiri mchezo.

Wapenzi wa tamthilia za Kirusi wanakumbuka kwamba Anton Chekhov, katika Shakwe ya mwaka 1896, aliweka kijana anayeonyesha mchezo wake wa ishara kando ya ziwa mbele ya jamaa zake. Mama yake, mwigizaji mwenye sifa, anautania mchezo huo kwa sauti mpaka kijana anakasirika na kuteremsha pazia. Chekhov hakutuambia kwamba mchezo wa kijana ulikuwa mzuri. Labda ulikuwa mbovu. Alichotuonyesha ni kwamba jioni ile iliacha jeraha baina ya mama na mwana, na mwisho wake ukawa mbaya. Mzee ana haki ya kutopendezwa. Lakini kutopendezwa baada ya kutazama ni jambo moja, na kuteremsha pazia kabla ya mchezo kwisha, au kabla haujaanza, ni jambo jingine.

Kwa hivyo natoa rai yangu kwa ufupi. Wenye ukumbi wautoe kwa jioni mbili hizo, kwa masharti ya kawaida ya usafi na usalama, bila kudai kusoma na kukatakata maneno kwanza. Walimu wa shule za hapa wawalete wanafunzi wa vidato vya juu, na kwa siku hiyo moja wasiwape kazi ya kuandika maudhui. Wachungaji na mapadri waje, na mchezo ukiisha wasimame waseme wanachokiona kuwa kweli na wanachokiona kuwa upotovu, nasi tutawasikiliza mpaka usiku. Serikali ya kaunti, ambayo hutaja vipaji vya vijana katika kila hotuba, itambue kwamba kipaji huhitaji mahali penye paa na mlango. Wazazi nao waje, hasa wale wanaosema kwamba vijana wa leo hawafikirii jambo lolote ila simu zao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa wangeweza kwenda kuutafuta ukumbi Kisumu au Nairobi, kama wengi wenye vipaji walivyokwenda wasirudi. Wamechagua kucheza kwao. Wanachongoja kutoka kwetu ni funguo.